Hayo madoa meupe kwa gari, usimkate kijana pesa

Wasee, nilipomaliza fomu foo nilifanya kazi ya kuosha magari huku Kitengela. Siku moja, saa saba mchana, jua limewaka, nikaosha gari nyeusi ya mzee fulani. Nikaipiga sabuni, nikaisuuza, ikang'aa. Mzee akaenda kunywa chai. Kurudi, boneti imejaa viduara vyeupe.

"Kijana, hii ndio kuosha?"

"Pole mzee, wacha nitoe."

Nikachukua waya ya kusugulia sufuria. Madoa yalitoka, ndio, lakini boneti ikabaki na mikwaruzo hadi leo naiota. Nilikatwa pesa ya wiki nzima.

Kusugua na waya lilikuwa kosa langu, hapo sijitetei. Lakini yale madoa ya kwanza hayakuwa uchafu, wala uvivu. Yalitoka kwa maji yenyewe. Huku kwetu wengi tunatumia maji ya kisima, na kila mtu anajua vile yana chumvi. Angalia ndani ya birika yenu: ile kitu nyeupe imeganda chini ndio hiyo hiyo. Ni madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Tone likikauka juani, maji yanaenda hewani, madini yanabaki kwa rangi. Kwa gari nyeusi yanaonekana zaidi.

Sasa ndugu yangu, madini hayaogopi nguvu, yanaogopa asidi. Chukua siki nyeupe, ile vinega ya supamaketi, changanya na maji kiasi sawa. Peleka gari kivulini, ngoja boneti ipoe, ioshe kwanza ndio usiburute mchanga. Jaribu mahali pamejificha kabla ya kuvamia gari yote. Kisha lowesha kitambaa laini, kiweke juu ya doa dakika moja hivi, pangusa polepole. Usiache siki ikauke hapo. Suuza na maji mengi, halafu, na hapa ndio wengi wetu hulala, KAUSHA na kitambaa. Ukiacha maji ya kisima yajikaushe, umerudi pale pale.

Doa likikataa, na ukipitisha kidole unasikia kashimo, hilo limeshakula rangi. Siki haitasaidia. Hapo ni fundi wa kupiga polishi, na yeye hutoa doa kwa kupunguza tabaka ya juu inayong'aa. Hiyo tabaka ni nyembamba kuliko unywele wako. Huwezi kuipunguza kila mwezi. Ndio maana doa la leo litolewe leo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mwenye biashara ya kuosha magari, kabla ukate kijana pesa, jiulize: umempa kivuli? Umempa vitambaa vya kukaushia vya kutosha, ama kitambaa kimoja kinapitia magari kumi? Kuna mtu amewahi kumwonyesha hii mambo ya siki? Mimi hakuna aliyenionyesha. Nilijua kusugua tu, kwa sababu nyumbani kitu ikikataa kutoka, unasugua.

Na wewe mwenye gari, ukitaka ioshwe saa saba juani kwa dakika kumi kwa sababu una haraka, wewe pia umechangia hayo madoa. Njoo asubuhi. Ngoja ikaushwe.

Siki ni bei ya soda mbili tatu. Mimi nililipa wiki nzima ya jasho kujifunza hii kitu, na yule mzee akalipa na boneti yake. Kama una rafiki anaosha magari, mtumie hii kabla naye ashike waya.