Homa Nayo Ni Mzigo: Kagua Kabla ya Kulipa

Wiki hii tunaweka kando bei ya tangawizi ya Mamba Miamba na mpunga wa Ndungu. Tunazungumzia bidhaa ambayo wafanyabiashara wengi wa Same huinunua bila kuikagua: dawa ya malaria.

Mnunuzi wa tangawizi hakubali gunia mpaka limefunguliwa na ya chini imeonekana. Lakini mtu huyo huyo akishikwa na homa huingia duka la dawa, husema "nina malaria", hulipa na kuondoka. Hakuna aliyekagua mzigo.

Hasara yake inajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliangalia wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliokutwa na vimelea katika damu walikuwa 2,062, yaani asilimia 46 tu. Kati ya wale wasio na vimelea walifariki asilimia 12.1, kati ya wenye vimelea, asilimia 6.9. Kwa lugha ya soko, zaidi ya nusu walipewa bidhaa isiyo yao, huku ugonjwa halisi ukiendelea kula mtaji.

Wakati ule tulisingizia uhaba wa darubini. Kisingizio hicho kimekwisha. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa.

Tukifungue kama gunia. Kimelea cha malaria kikiwa katika damu humwaga protini iitwayo HRP2. Ndani ya kile kipande cha plastiki kuna kingamwili, yaani protini za kinga zinazoitambua HRP2 na kuishika. Zimebandikwa chembe ndogo mno za dhahabu, kama mnunuzi anavyopiga rangi magunia yake ili ayatambue yakifika Kariakoo. Damu ikipita, kingamwili hizo huishika HRP2 na kwenda nayo hadi mahali ambapo kingamwili nyingine huizuia. Dhahabu ikirundikana hapo, mstari mwekundu hutokea. Mstari wa C huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo hicho ni kibovu, dai kingine.

Bidhaa hii ina kasoro zake, na mnunuzi azijue. HRP2 hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo aliyetibiwa karibuni aseme mapema. Vipo pia vimelea visivyotoa protini hiyo. Viliripotiwa Peru mwaka 2010, baadaye Eritrea. Hapa nchini uchunguzi wa mwaka 2021 katika vituo 100 vya afya ulivikuta ni vichache sana, kwa hiyo kipimo bado kinaaminika. Tatu ni joto. Boksi lina tarehe ya mwisho na kiwango cha joto kinachoruhusiwa. Boksi lililoachwa juani hapa Same mjini usilikubali.

Wapare wana sababu ya ziada ya kupima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha vijiji vya milima ya Upare, Usambara na Rombo, ulipima kingamwili za malaria katika damu ya wananchi. Kadiri kijiji kilivyokuwa juu, ndivyo wenye kingamwili hizo walivyopungua. Mtu aliyekulia mlimani hajakutana na malaria mara nyingi, kinga yake ni ndogo. Akishuka tambarare kufuata mpunga, homa yake asiipuuze wala asiibahatishe.

Tatizo lililobaki ni la kibiashara. Kwa mwenye duka, jibu la "huna malaria" ni mauzo yaliyopotea. Maadamu faida yote iko kwenye dawa, ushauri wake utaelemea kwenye dawa. Maoni yangu ni kwamba upimaji, pale unaporuhusiwa, uwe huduma yenye bei yake iliyobandikwa ukutani, ili mpimaji apate haki yake hata jibu likiwa "hakuna".

Na sisi wateja tubadilike. Mama mmoja mchuuzi aliniambia: "Mwanangu, nimelipa kipimo, kimesema sina. Sasa nirudi nyumbani mikono mitupu?" Nilimjibu kwamba mikono si mitupu, mama. Umenunua taarifa. Sasa unajua homa hiyo inatafutiwa chanzo kingine, labda kifua, labda mkojo, labda taifodi, na kazi hiyo ni ya mganga katika kituo cha afya, leo hii, si baada ya dozi tatu za kubahatisha.

Hakuna anayenunua gunia kwa kulitazama mshono. Homa nayo tuikague hivyo hivyo. Wiki ijayo tutarudi kwenye bei za mazao.