Ethiopia na vigogo watano: Jinsi orodha ya FIFA ilivyobana njia ya kwenda Brazil

DROO ya mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia la 2014 barani Afrika ilipofanywa jijini Cairo, Misri, mnamo Septemba 16, 2013, timu moja tu kutoka ukanda wa CECAFA ilikuwa imesalia kapuni. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Sudan zilikuwa zimekwishabanduliwa. Iliyobaki ni Ethiopia, taifa lililofungiwa nje ya michujo ya 2010 kutokana na mgogoro wa shirikisho lake, na ambalo sasa lilihitaji mechi mbili pekee kutua Brazil.

Hakuna nchi ya CECAFA iliyowahi kushiriki fainali za Kombe la Dunia, na hata tiketi za fainali za 2026 hazikufika ukanda huu. Ndiyo sababu kisa cha Ethiopia kingali na maana kwa kila shirikisho la Afrika Mashariki. Swali la nani angekutana na vijana wa kocha Sewnet Bishaw halikuanza kujibiwa siku ya droo. Lilikuwa limejibiwa nusu kabla ya mpira wa kwanza kutolewa kapuni.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuelewa. Timu kumi zilizoongoza makundi yao ziligawanywa mara mbili kwa kufuata orodha ya viwango vya ubora ya FIFA ya mwezi huo. Tano za juu zilitiwa katika chungu cha kwanza: Cote d'Ivoire, Ghana, Algeria, Nigeria na Tunisia. Tano zilizosalia, yaani Misri, Burkina Faso, Cameroon, Senegal na Ethiopia, zikatiwa katika chungu cha pili. Timu za chungu kimoja hazingeweza kukutana. Ethiopia, iliyoshika nafasi ya chini kabisa miongoni mwa kumi hizo, ilijua kwamba ingepangwa na mmoja wa vigogo watano wala si mwingine.

Ubaya wa mgawanyo huo ulidhihirika kwa yeyote aliyezifuata fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizoandaliwa Afrika Kusini mapema mwaka huo. Burkina Faso ilifika fainali ya mashindano hayo na kufungwa bao 1-0 tu na Nigeria. Ikatupwa chungu cha pili. Algeria ilivuta mkia katika kundi lake huko huko; ikapewa hadhi ya kigogo. Misri nayo ilikuwa imeshinda mechi zake zote sita za makundi ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna timu nyingine kati ya hizo kumi iliyolifanya, lakini haikufaa kitu. Orodha ya FIFA ya wakati huo ilikusanya matokeo ya miaka minne, na kumbukumbu ya miaka minne haioni vyema kilichotokea jana.

Kwa Ethiopia, safari ya kufika hapo ilikuwa na vituko vyake. Juni 16, 2013, iliilaza Afrika Kusini 2-1 jijini Addis Ababa. Bernard Parker aliwafungia wageni bao la kwanza, Getaneh Kebede akasawazisha, kisha Parker huyo huyo akajifunga. Mashabiki walidhani kazi imekwisha. Siku iyo hiyo FIFA ikatangaza kwamba inachunguza ushindi wa Ethiopia wa 2-1 dhidi ya Botswana, kwa kuwa mchezaji mmoja aliyekuwa na kadi mbili za manjano alipangwa kikosini badala ya kutumikia adhabu. Pointi tatu zikatwaliwa, Botswana ikapewa ushindi wa 3-0, na Ethiopia ikalazimika kusafiri hadi Brazzaville mwezi Septemba kuikabili Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ilishinda 2-1 na kumaliza na pointi 13, mbili zaidi ya Afrika Kusini.

Sasa, kati ya vigogo hao watano, ni yupi aliyekuwa afadhali?

Cote d'Ivoire ya Yaya Toure na Didier Drogba haikuwa ya kutamaniwa na yeyote. Ilikuwa imeifunga Taifa Stars ya Tanzania 4-2 mbele ya mashabiki wake jijini Dar es Salaam. Ghana ilikuwa robo-fainali ya Kombe la Dunia miaka mitatu kabla, na katika michujo hii iliitandika Lesotho 7-0 mjini Kumasi. Algeria, kwa mabaya yake yote ya Afrika Kusini, ilikuwa mwamba pale Blida, na Rwanda, waliofungwa 4-0 huko mwaka wa 2012, walikuwa mashahidi.

Aliyekuwa akiombewa kimyakimya ni Tunisia. Kwa hakika Tunisia haikustahili kuwapo kapuni. Septemba 7 ilifungwa 2-0 nyumbani Radès na Cape Verde, taifa dogo la visiwa, na kocha wake Nabil Maaloul akajiuzulu. Siku tano baadaye FIFA iliiondoa Cape Verde kwa kumtumia beki Fernando Varela ilhali alikuwa akitumikia marufuku. Varela alionyeshwa kadi nyekundu katika mechi waliyofungwa 4-3 na Equatorial Guinea. Baadaye matokeo hayo yalifutwa na Cape Verde kupewa ushindi wa 3-0 kwa sababu wapinzani wao pia walimchezesha asiyestahili. Mechi ikafutwa, kadi ikabaki. Hivyo Tunisia, iliyokwisha kufungasha virago, ikaitwa tena mezani, na ikapewa kiti cha mbele. Timu isiyo na kocha wa kudumu, yenye jeraha bichi, ndiyo ambayo Ethiopia ingeifurahia. Cameroon ndiyo iliyoipata, na baada ya sare tasa Radès iliifunga 4-1 jijini Yaounde.

Ethiopia ikapewa Nigeria.

Kwa mtazamo wa haraka lilikuwa pigo. Nigeria ya Stephen Keshi ilikuwa bingwa wa Afrika, na mwezi Januari iliifunga Ethiopia hiyo hiyo 2-0 mjini Rustenburg. Lakini hapa ndipo mashabiki wa Kenya walipokuwa na la kusema, maana Super Eagles walitoka katika kundi la Harambee Stars. Machi 23, 2013, mjini Calabar, Francis Kahata aliwatanguliza Wakenya, nao mabingwa wakaokolewa na bao la Nnamdi Oduamadi katika dakika za lala salama. Juni, ugani Kasarani, Nigeria ilishinda 1-0 kwa bao la Ahmed Musa lililochelewa kupatikana. Katika mechi sita za kundi, bingwa huyo wa Afrika alifunga mabao saba pekee na kutoka sare mara tatu. Hata yale mabao mawili ya Rustenburg yalikuwa penalti zote mbili, zilizofungwa na Victor Moses kuanzia dakika ya 80.

Kwa hivyo ilikuwa timu iliyoshinda kwa tabu, iliyotegemea uvumilivu na makosa ya wapinzani mwishoni mwa mchezo. Dhidi ya timu ya namna hiyo, Ethiopia ilihitaji mambo mawili: kufunga nyumbani, ambako Addis Ababa imekaa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na pumzi ya mgeni huisha mapema, na kutofanya upuuzi wowote ndani ya kijisanduku katika dakika kumi za mwisho. La kwanza lilikuwa na kasoro yake. Droo iliipangia Ethiopia kuanza nyumbani na kumalizia ugenini, mpango ambao timu dhaifu haiupendi, kwani huilazimu kusaka ushindi mapema bila kujua itakachohitaji katika marudiano.

Oktoba 13 Ethiopia ilifanya la kwanza. Behailu Assefa alifunga katika kipindi cha pili na uwanja mzima ukalipuka. Emmanuel Emenike akasawazisha, na hata hivyo sare ya 1-1 ingeipeleka Ethiopia Calabar ikiwa na tumaini. Dakika ya 90 Nigeria ikapewa penalti. Emenike akafunga, 2-1. Marudiano ya Novemba 16 yaliisha 2-0, bao moja la penalti ya Moses na jingine la Victor Obinna. Katika mechi tatu za mwaka mmoja, Nigeria iliifunga Ethiopia mabao sita, manne kati yake yakiwa ya penalti.

Je, chungu cha kwanza kingebadili lolote? Hesabu zinasema kingesaidia. Mwaka wa 2013 timu nne kati ya tano za chungu cha kwanza zilifuzu. Tunisia pekee ndiyo iliyoanguka. Utaratibu uo huo uliporudiwa Machi 2022, Senegal, Morocco na Tunisia zilipita kutoka chungu cha juu, huku Ghana ikiibandua Nigeria na Cameroon ikiitoa Algeria. Saba kati ya kumi si haba. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, iliyokuwa chungu cha chini mwaka huo, ilipangwa na Morocco, ikatoka sare ya 1-1 jijini Kinshasa na kucharazwa 4-1 jijini Casablanca.

Kwa fainali za 2026 mambo yalibadilishwa: makundi tisa, na timu nne bora za nafasi ya pili kukutana Rabat, Morocco, Novemba 2025, kwa mechi moja moja bila marudiano. Orodha ya FIFA ilitumika tena kupanga nusu-fainali, wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu. Safari hii Congo iliitoa Cameroon 1-0 kwa bao la Chancel Mbemba, kisha ikaibandua Nigeria kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Katika mechi moja kwenye uwanja wa ugenini kwa wote wawili, hadhi ya karatasini hupungua uzito.

Uganda ndiyo iliyokaribia zaidi kutoka ukanda wa CECAFA. Ilimaliza ya pili katika kundi lake ikiwa na pointi 18, lakini matokeo dhidi ya timu za mkiani yalipoondolewa katika hesabu, ushindi wake mara mbili dhidi ya Somalia ulitoweka na zikabaki pointi 12. Katika mechi ya mwisho nchini Algeria iliongoza kwa bao moja. Ilifungwa 2-1, na mabao yote mawili ya wenyeji yalikuwa ya penalti baada ya dakika ya 80.