Mfanyabiashara likizoni: Zima simu, mwamini wakili wako

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alifanya biashara na akajulikana kwa uaminifu wake.

Ndugu Waislamu, shule zifungwapo mwezi wa Desemba, wengi wetu hufunga safari na watoto kwenda kuwaona wazee. Ni jambo jema, kwani kuunga udugu ni ibada. Leo tujiulize swali moja: tunapofika kwa wazee hao, huwa tumefika kweli?

Mwaka mmoja nilialikwa chakula cha mchana katika nyumba moja mjini Tanga. Mama mwenye nyumba alikuwa amempokea mwanawe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, pamoja na mkewe na watoto. Sinia la pilau likatengwa. Kijana yule alikula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umeshika simu: mara bei ya saruji, mara mzigo wa nondo umechelewa, mara mteja anataka kukopeshwa. Alipoinuka mkekani mara ya tatu, mama aliwauliza wajukuu, "Baba yenu anazungumza na nani?" Mdogo wao akajibu, "Na duka, bibi." Watu walicheka. Mama hakucheka.

Msomaji asidhani kwamba kijana huyo ni mwenye tamaa. Ni mtu wa sala, hutoa zaka na huwatunza wazazi. Tatizo lake ni jingine: katika duka zima hakumwachia mtu yeyote mamlaka ya kukata shauri. Kila bei ni yake, kila mkopo ni wake, kila ufunguo ni wake. Mtu wa namna hiyo hawezi kuzima simu hata akitaka, maana akiizima, duka nalo limezimika.

Wanazuoni wa fikihi wameweka mlango mzima uitwao wakala, yaani kumkabidhi mtu mwingine afanye kwa niaba yako jambo ambalo ungeweza kulifanya mwenyewe. Anayekabidhiwa huitwa wakili, naye ni mtu wa amana: hatozwi hasara iliyotokea bila ya yeye kuvuka mpaka au kuzembea. Tuzingatie pia kwamba neno wakala na neno tawakali yametoka katika shina moja la Kiarabu. Kwa nini basi anayesema kila siku kwamba amemtegemea Mwenyezi Mungu ashindwe kumkabidhi duka kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe kwa miaka sita?

Suratul A'raf, aya ya 142, inatueleza kwamba Nabii Musa (A.S.) alipokwenda katika miadi ya Mola wake, siku arubaini, alimwachia nduguye Harun uongozi wa watu, tena kwa maagizo mahususi. Huenda mtu akasema, "Sheikh, si ndipo watu wakaabudu ndama?" Ni kweli. Musa aliporudi alihoji, akasikiliza udhuru wa nduguye, kisha akarekebisha yaliyoharibika. Lakini hatukuambiwa kwamba kumwachia Harun kulikuwa kosa. Mambo huweza kuharibika hata tukiwapo. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipotoka kwenda Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, alimwacha Ali (R.A.) awaangalie watu wa nyumbani kwake.

Wazee wetu wa mwambao walilijua jambo hili. Mfanyabiashara aliyekuja na jahazi kwa pepo za kaskazi alilazimika kungoja kusi ndipo arejee kwao. Kwa miezi kadhaa hakuwa na njia ya kuuliza duka lake limeuza nini leo. Alikuwa na mshirika, daftari na neno la mtu. Simu imetupunguzia masafa, nayo ni neema, lakini imetusahaulisha kuaminiana.

Tazama pia ajabu hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Ufaransa nayo, tangu Januari 1, 2017, inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutoshughulishwa na simu na barua pepe za kazini nje ya saa za kazi. Mwenye duka hana wa kumdai likizo ila nafsi yake na aila yake. Salman al-Farisi (R.A.) alimkumbusha Abu Dardaa kwamba Mola, nafsi na aila, kila mmoja ana haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha.

Nini kifanyike? Wiki mbili kabla ya safari, mteue wakili. Mwandikie mipaka: punguzo asilolizidisha, kiasi cha fedha anachoweza kutoa bila ya kukuuliza, na nani anaweza kukopeshwa. Deni liandikwe, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Waarifu wateja na wanaokuletea bidhaa kwamba mwenye kauli ni fulani. Ukishasafiri, tenga nusu saa moja kwa siku, tuseme baada ya alasiri, usikie habari. Kisha simu iwekwe kabatini. Akikosea kidogo, usimnyang'anye madaraka kwa simu. Ukirudi, kaguaneni hesabu kwa upole na haki.

Najua wapo mama lishe na wachuuzi ambao hawana wa kumwachia, na siku isiyo na mauzo ni siku isiyo na unga. Hao hatuwadai wiki mbili. Lakini hata jioni moja ya kukaa na watoto bila ya simu ni haki iliyolipwa.

Duka utalikuta, na hasara ya siku kumi hufidika. Mama anayekungoja mkekani mwaka huu, hujui kama mwakani utamkuta.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie biashara zetu na atujaalie kuwapa wetu haki zao. Wabillahi tawfiq.