Muuguzi akiomba chaki, asiulizwe amekosa nini

KUTOKA MWALONI
Na Majura Mafuru

Mwalimu akiacha shule akaenda kusomea udaktari, ukoo mzima unachinja mbuzi. Muuguzi akiacha zahanati akaenda kufundisha kidato cha pili, watu wale wale wanaanza kunong'ona. Amefukuzwa? Ameua mgonjwa? Zamu za usiku zimemshinda? Kwetu safari ya kwanza ni kupanda na ya pili ni kushuka, ndiyo maana wanaoitamani hiyo ya pili huitamani kimyakimya.

Ningetarajia kijijini kwetu Nyegina tuwe na fikra tofauti. Ni katika misheni yetu hii Kambarage Nyerere alibatizwa Desemba 23, 1943, akachukua jina la Julius. Alipotoka Makerere alikwenda kufundisha St Mary's, Tabora, na biolojia ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Tunamwita Mwalimu katika kila hotuba, lakini ukimuuliza kijana wa Musoma alifundisha nini, atakujibu siasa.

Na mwalimu wa sayansi ndiye tunayemkosa. Shule za kata zilipoanza kuota kama uyoga kuanzia mwaka 2006, madarasa yalitangulia na walimu wakafuata mbali nyuma, hasa wa fizikia, kemia na hisabati. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Wananchi wakachangishwa, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa na mgambo. Hapa Musoma Vijijini tumekuwa na bahati ya mbunge ambaye ni mwanasayansi, Profesa Sospeter Muhongo, mwanajiolojia, na wimbo wake wa maabara tumeuzoea tangu alipochaguliwa mwaka 2015. Vijiji vimesomba mawe, mchanga na maji. Sina ugomvi na mawe. Ila chumba cha maabara kinajengwa kwa harambee. Mwalimu wa fizikia hajengwi hivyo. Shule zinabaki kutegemea vijana wa kujitolea, wanaolipwa posho kutoka michango ya wazazi, na wazazi wakichelewa kuchanga, kijana anaondoka katikati ya mada ya umeme.

Upande wa pili wa barabara kuna matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara waliohitimu, wamekaa nyumbani. Nchi ilifunguka macho Machi 2017, Kenya ilipoomba madaktari 500 kutoka kwetu. Mahakama ya kwao iliposimamisha mpango huo, Rais Magufuli aliamuru madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda waajiriwe hapa hapa. Watu wakajiuliza walikuwa wapi siku zote, ilhali zahanati zinalia. Walikuwa mtaani wakisubiri kibali cha ajira. Na Aprili 2023 Serikali ilipotangaza nafasi 21,200 za ualimu na afya kwa pamoja, waombaji walizizidi mara kadhaa.

Tukumbuke kwamba tabibu alipoomba chuo aliulizwa matokeo ya kemia, biolojia na fizikia. Ni masomo yale yale ambayo shule ya kata inayatafutia mwalimu. Tofauti ni kwamba yeye ameyatumia.

Chukua osmosisi. Vidato vya chini wanaikariri, kidato cha nne wanaisahau. Muuguzi anaanza na swali: kwa nini dripu ina chumvi, asilimia 0.9, na si maji matupu? Kwa sababu maji matupu yakiingia mshipani, chembe nyekundu za damu hunywa maji, huvimba na kupasuka. Mwanafunzi ambaye mama yake alitundikiwa dripu wiki iliyopita hataisahau hiyo. Chukua mgandamizo: kwa nini kipimo cha presha kinafungwa mkono ukiwa usawa wa moyo? Kwa nini friji ya chanjo haitakiwi kuvuka nyuzi joto 8 wala kushuka chini ya 2?

Au tuchukue kichocho, ugonjwa wa mwambao wetu. Kitabu kina mchoro mzuri: yai, konokono, kiluwiluwi, ngozi ya binadamu. Mtaalamu wa maabara ameliona yai lenyewe chini ya darubini, kwenye choo cha mtoto anayeoga ziwani kila jioni. Wanafunzi hawa hawa, wakiwa shule ya msingi, walisimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu ili wahesabiwe vidonge vya kichocho. Wangapi waliambiwa kwa nini walipimwa urefu na si umri? Dozi inakwenda na uzito wa mwili, mizani ni ghali na inaharibika, urefu unakadiria uzito vizuri vya kutosha. Hapo pana somo zima la vipimo na makadirio.

Kuna pia seli mundu, inayokadiriwa kuzaliwa nayo watoto 11,000 nchini kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina sehemu yake kubwa. Darasani tunafundisha kwamba wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vya kubeba, mtoto mmoja kati ya wanne ataugua. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba mama akishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wako salama. Muuguzi wa kliniki ameshamwona mama mwenye wagonjwa wawili mfululizo, na ameshalazimika kumweleza kwamba kila mimba ni bahati nasibu mpya, robo ile ile. Hesabu ya uwezekano ameifundisha kwa mtu anayelia. Darasa la vijana waliochoka na jua la saa nane halitamtisha sana.

Lakini litamtisha kidogo, na hapa ndipo ninapoachana na wanaodhani kazi imekwisha ukimkabidhi chaki. Kwenye zahanati mgonjwa anaingia mmoja, na anakuja kwa sababu anataka kukusikia. Darasani wako sitini, nusu yao hawataki. Kuna azimio la kazi, andalio la somo, kusahihisha madaftari hadi usiku. Kuna kumjua mtoto asiyeelewa na anayenyamaza. Na kwa kijiji kama chetu kuna hatari ambayo sijasikia ikisemwa: mgonjwa wa jana ni shangazi wa mwanafunzi wa leo. Siri za wodini zibaki wodini, hata kama ndizo zingenogesha somo.

Njia za mkato tumeshazijaribu. Wale wahitimu wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache na kumwagwa shule za kata, mtaa uliwabatiza vodafasta, jina la vocha ya kurushiana kwa simu, na walilibeba hata waliokuwa wazuri. Mwaka 2016 wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walirudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa sababu hawakuwa wakifundishwa. Haraka ilitugharimu mara mbili, na sitaki tuiite tena kwa jina jipya.

Ninachokitaka ni mlango halali. Kwa sasa mwenye shahada anaweza kusaka stashahada ya uzamili ya elimu, Chuo Kikuu Huria au kwingineko, mradi masomo yake yakubalike kuwa ya kufundishia. Tabibu wa stashahada, aliyetoka kidato cha nne akakaa miaka mitatu chuo cha afya, hana mlango huo. Anaambiwa aanze chini kama kijana wa miaka kumi na minane. Aliye kazini naye anakutana na ukuta wa kubadilisha kada. Mwajiri wake ni halmashauri, mwajiri wa walimu ni halmashauri hiyo hiyo, wote wako chini ya TAMISEMI, ila faili lake likihama idara anakuwa mtu mpya. Na akikaa darasani bila kuhuisha leseni yake ya uuguzi, anaipoteza. Nani atathubutu?

Wizara ya Elimu ingeweza kuandaa mwaka mmoja wa ualimu kwa wahitimu wa afya, nusu chuoni na nusu shuleni chini ya mwalimu mzoefu. Chuo cha Ualimu Bunda kiko jirani. Baraza la Uuguzi na Ukunga lingeweza kuhesabu saa za kufundisha afya ya jamii katika kuhuisha leseni.

Najua nitaambiwa natoboa paa la zahanati ili kuziba la shule. Hoja hiyo ni ya kweli kwa zahanati yenye muuguzi mmoja, na huyo nisingemgusa kabla mbadala wake hajafika. Hesabu ya kwanza iwe ya walio mtaani. Ya pili iwe ya wastaafu: mkunga wa miaka sitini mwenye nguvu zake, kwa mkataba wa vipindi vichache, ni hazina tunayoiacha ikichunga mbuzi.

Kuhusu mishahara, tuwatazame Waganda kwa tahadhari. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa hadi shilingi milioni 4 za kwao kwa mwezi, na wenzao wa sanaa wakagoma. Mwalimu wa historia naye ana watoto wa kusomesha. Mimi ningeanza na nyumba ya mwalimu yenye umeme, maana hiyo haigawi ofisi ya walimu.

Wizara zitachukua muda wake, kama kawaida. Wakuu wa shule wa Nyegina, Etaro na kote kwenye mwambao huu wasisubiri. Mwenye maabara iliyofungwa kwa kukosa mtu aandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya, aombe mtaalamu wa maabara au tabibu kwa vipindi viwili kwa wiki, mwalimu wa zamu akiwemo darasani. Mwongozeni huyo mgeni, mlipieni nauli ya bodaboda, na msimuulize kwa nini ameacha koti jeupe. Barua hiyo haihitaji sheria mpya, na muhula ujao unatosha kuianza.