Anwani si sahihi? Nani kasema?

Hivi nani aliwapa mafundi wa tovuti mamlaka ya kuamua barua pepe ya nani ni halali? Unajaza fomu ndefu ya kuomba kazi, unabofya "tuma", yanatokea maandishi mekundu: anwani si sahihi. Na jana tu umepokea barua kwa anwani hiyo hiyo!

Jamani, fomu hizi nyingi haziulizi popote kama anwani ipo. Zinatazama umbo tu: herufi, alama ya @, herufi tena, nukta, halafu herufi mbili tatu za mwisho. Umbo lenyewe fundi kalibuni, au kalinakili mahali. Wakati sheria za barua pepe zipo, tena za tangu mwaka 1982, na waraka wa RFC 5322 ukazipanga upya mwaka 2008. Zinaruhusu alama ya kujumlisha. Zinaruhusu hata ritifaa, ile inayoning'inia kwenye ng'. Kwa hiyo akina Ng'wandu na Ng'ang'a wana haki ya kuandika majina yao kama yalivyo kabla ya @. Fomu inawaambia jina la ukoo ni kosa!

Najua, wengine wanaiogopa ritifaa kwa kuwa huweza kuvuruga maagizo ya hifadhidata. Dawa yake ni kuandika programu vizuri, si kumbadilisha mtu jina.

Na huko mwishoni je? Anwani za .museum zipo tangu 2001, za .africa tangu 2017. Fundi aliyeweka kikomo cha herufi nne anazifungia zote nje.

Eti wanazuia makosa. Andika gmial.com badala ya gmail.com uone: umbo safi, unapita, na barua ya kukuita kwenye usaili inapotea. Programu inaweza kuuliza DNS kama jina lililo baada ya @ lina seva ya kupokea barua, hiyo afadhali, lakini haitajua kama sanduku lako limo humo. Ipo amri ya VRFY ya kuiuliza seva yenyewe, ila seva nyingi zimeizima kwa sababu ya wavunaji wa anwani.

Basi tuma ujumbe wenye kiungo. Mtu akikibofya, umejua anwani inafanya kazi na mwenyewe anaisoma. Kabla ya hapo hakikisha tu kuna @ na kitu kila upande. Mafundi mnaonisoma, jaribuni ritifaa kwenye fomu zenu leo, halafu mnieleze.