Samaki Wenye Haya na Taa Kali



Juma hili nataka kuungama kosa langu mbele yenu, maana limenifundisha jambo liwezalo kuwafaa wengine.

Baada ya mvua za masika, binti yangu wa miaka tisa alileta nyumbani kwetu, huku Temeke, samaki wadogo watano ndani ya kopo la maziwa. Aliwavua dimbwini kando ya njia. Bila shaka wengine wenu mmewaona: dume ana rangi za kung'aa, jike ni wa kahawia tu, na mkubwa wao hapiti urefu wa kidole. Wako wanaosema kwamba huanguka pamoja na mvua. Sivyo. Hutaga mayai matopeni. Dimbwi likikauka wao hufa, lakini mayai hukaa yakingoja hata mvua irudi, ndipo yaanguliwe. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Jamaa yao wa Unguja aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1893, na leo hufugwa hata Ulaya na Marekani.

Nikanunua sanduku la kioo. Nikatia mchanga mweupe, nikalipamba kwa taa kali juu yake, kusudi wageni waone rangi zile. Wageni walikuja, wasione kitu. Samaki walijibana pembeni, rangi zimefifia, chakula hawakigusi.

Siku moja narudi kutoka kazini, nakuta binti amelifunika sanduku kwa kanga kuukuu ya mama yake. Nikamgombeza mbele ya ndugu zake: "Nimenunua taa ili wewe uifunike?" Hakujibu neno. Nikaiondoa kanga. Usiku ule umeme ulikatika, kisha ukarudi ghafula, na taa niliyosahau kuizima ikawaka katikati ya giza. Asubuhi tulimkuta dume mmoja sakafuni, amekauka. Alikuwa ameruka.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyezoea kuvua kambale, alikuja akatazama, akatikisa kichwa. "Bwana karani," akasema, "hawa kwao ni maji ya tope. Wewe umewasimamisha uwanjani saa sita mchana."

Nikamwita binti nikamwuliza kwa upole sababu ya ile kanga. Akasema, "Baba, walikuwa wanaogopa. Nilipowafunika, walikula."

Basi, mtoto alikuwa ameona nisichokiona mimi. Samaki hawa hawana kope za kufumba. Tena ndege huwawinda kutoka juu, hivyo kivuli ndicho usalama wao. Tulianza upya, naye ndiye aliyeongoza kazi.

Kwanza, tuliiinua taa na kuisogeza upande mmoja, ili pawe na mwanga huku na kivuli kule, samaki achague mwenyewe. Pili, tulibandika karatasi nyeusi nyuma ya kioo, tukabadili mchanga kwa ule wa rangi nzito, maana mchanga mweupe huurudisha mwanga kutoka chini. Tatu, tuliweka vigae vya chungu wapate kujificha, na majani machache yaeleayo juu. Nne, tuliokota majani makavu ya mkungu, tukayaosha na kuyatia ndani. Maji yakawa na rangi ya chai hafifu, na mwanga ukapungua ukali.

Tano, taa yao haiwashwi gizani. Hufunguliwa dirisha kwanza, au huwashwa taa ya chumba, na baada ya nusu saa ndipo ile yao. Saa nane hata kumi kwa siku zatosha, na usiku uwe usiku. Sita, sanduku lisikae juani dirishani, kwa kuwa maji hupata moto, hewa iliyomo hupungua, na ukoga wa kijani hujaa. Mwisho, lisikose kifuniko.

Nanyi mnaofuga kambale shambani, jueni kwamba yeye ni samaki wa usiku. Watoto wake wakiwekwa penye mwanga mkali huumana zaidi. Wapeni kivuli.

Siku ya tatu chakula kililiwa. Baada ya juma moja rangi zilirudi, na dume aliyebaki akaogelea mbele ya kioo bila woga.

Nami nilimwomba binti yangu radhi, mbele ya ndugu zake walewale waliosikia ukali wangu. Haikuwa rahisi kwa mzazi, lakini ilikuwa haki yake. Tangu hapo nawatazama kwa jicho lingine watoto wenye haya. Mgeni akiingia twaamuru, "Haya, imba! Sali, mgeni asikie!" Mtoto akijificha nyuma ya mama yake, twasema hana adabu. Mtakatifu Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwavunje moyo watoto wao. Pengine mtoto hana kosa, ila taa yetu ni kali mno.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.