Kemia Si ya Mtihani Tu: Funzo la Owino Uhuru

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu ya mwaka 2020 iliyowapa wakazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, fidia ya Sh1.3 bilioni. Walidhurika na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mengi yameandikwa kuhusu kesi hiyo na ujasiri wa Bi Phyllis Omido. Mimi naitazama kwa jicho la somo ambalo watoto wetu wengi hulikimbia: kemia.

Kila kitu kimeundwa kwa atomi. Katikati ya atomi mna kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni huzunguka nje. Idadi ya protoni ndiyo jina la atomi: kalisi ina 20, risasi ina 82. Chemsha, choma, zika. Protoni 82 zitabaki 82. Ndiyo maana kufungwa kwa kiwanda hakusafishi udongo.

Na kwa nini risasi huwadhuru watoto zaidi? Kalisi hupoteza elektroni mbili za nje. Risasi nayo mara nyingi hupoteza mbili. Mwili wa mtoto, wenye njaa ya kalisi ya kujenga mifupa, hudanganyika na kumkaribisha mgeni huyu. Risasi huingia mifupani ikakaa miaka, na hufika hata kwenye ubongo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba ikifika mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa. Mzazi akiisikia 5 hiyo atasema ni kidogo. Mwanafunzi anayeijua moli hasemi hivyo. Moli moja ya risasi ina uzito wa gramu 207 na atomi 6.02 × 10²³. Gawanya mikrogramu 5 kwa 207, zidisha kwa idadi hiyo, upate atomi za desilita nzima. Desilita ina matone kama 2,000; gawanya tena. Tone moja la damu lina atomi za risasi trilioni saba hivi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni mwili wa mtoto.

Hoja yangu ni hii. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia katika mikondo mipya. Mtoto atakayefuata sanaa au sayansi ya jamii huenda asikutane tena na moli. Na yule wa STEM, akiwa katika skuli isiyo na maabara, atakariri fomula bila kushika mizani. Wote wawili wataishi karibu na viwanda, bandari na majaa ya taka, na siku moja watapewa karatasi ya vipimo waisome.

Kwa hivyo kamati za skuli, wabunge wanaogawa pesa za CDF na magavana wetu wasiihesabu maabara kuwa anasa. Nasi wazazi tuache kuwaambia watoto kwamba kemia ni ya madaktari watarajiwa tu. Asiyeweza kuisoma namba ya damu yake, atasomewa na wengine, na huenda msomaji akawa ni mwenye kiwanda.